Pagale Lina Mwenyewe

Safari hii, wadogo zangu, jumbe zenu nyingi zimekuja na swali moja. Mmoja yuko Mbagala na wenzake wa kikoba, mwingine yuko Kimara na kikundi cha kina mama wa kanisani, mwingine Gongo la Mboto, amestaafu na analea wajukuu. Wote wamepigiwa simu na dalali. Kuna boma Kibaha limeishia kwenye lenta, mwenyewe ana shida, anauza bei ya kutupa. Au kuna nusu ekari Kisarawe, ya mzee anayeumwa, watoto wanatafuta hela ya matibabu, wahini kabla ya Ijumaa. Na wote mna nia njema: mlime mchicha na matembele, mfuge kuku, akina mama wa mtaa wapate mboga ya karibu, vijana wapate cha kufanya. Mnaniuliza, dada, tulipe?

Msilipe kwanza. Kaeni hapa tuzungumze.

Nia yenu naipenda, na sitaki mtu asome haya akadhani namkatisha tamaa. Kulima mjini hakukuanza na nyie. Mwaka 1974, njaa ilipobisha hodi nchi nzima, tuliambiwa kilimo ni cha kufa na kupona, na watu wa Dar es Salaam wakalima hadi kando ya reli na kwenye viwanja vya wazi. Mwaka 1992 serikali ikatunga kanuni za kilimo cha mjini na kumwekea mkulima wa mjini kikomo cha ekari 3. Sehemu kubwa ya mchicha tuliokula utotoni ilitoka kwenye bustani za humu humu mjini na pembezoni, si mbali. Kwa hiyo mkisema mnataka kulima Kibaha mlishe mtaa wenu, hakuna cha kuwacheka. Ninachoogopa mimi ni ile simu ya dalali, na lile neno "ana shida".

Mdogo wangu, ukisikia bei imeshuka kwa sababu mtu ana shida, jiulize kwanza ni shida gani na ni ya nani. Kiwanja hakipungui bei chenyewe. Kuna mtu analia mahali fulani. Pengine ni huyo anayeuza, anaumwa kweli. Pengine ni mkewe, ambaye hajui kwamba nyumba inauzwa. Pengine ni wadogo zake, wanaomsubiri kaka yao mkubwa awagawie urithi. Pengine ni benki. Ukinunua bila kujua, ile shida haibaki kwa muuzaji. Inapanda bodaboda na wewe mpaka kwako.

Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi ndani ya ofisi moja ya serikali ya mtaa, huko Kibaha, nasubiri barua yangu ya utambulisho. Kikundi cha kina mama kiliingia na muuzaji, baba wa makamo aliyevaa shati la kazi, simu yake inaita haipokei. Mhasibu wao alifungua kitambaa cha khanga, akaanza kupanga noti mezani kwa mafungu. Mkataba ulikuwa umeshaandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, shahidi wa kwanza ameshasaini. Mwenyekiti wa mtaa akavuta kile kidau cha wino wa muhuri, halafu akasita. Akauliza, "Baba, mama watoto yuko wapi?" Yule baba akajibu yuko msibani. Mwenyekiti akauliza, msiba wa wapi? Akasema Mlandizi. Mwenyekiti akafunga kidau cha wino, akasema, "Mlandizi si mbali. Tutamsubiri." Wale kina mama walimkasirikia mwenyekiti, wakaguna, mmoja akasema hadharani kwamba anawawekea ngumu kwa sababu hawakumpa chochote. Muuzaji akatoka nje kupokea simu, hakurudi.

Kina mama wale hawakujua kwamba walikuwa wamesaidiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mke akijitokeza baadaye na watoto wake mkononi, akaenda baraza la ardhi, utakuwa na karatasi na muhuri na bado huna nyumba. Wala usimwone mke huyo ni adui. Yeye ndiye aliyebeba mchanga wa ule msingi kwenye ndoo.

Ndiyo maana nasema pagale lina mwenyewe, tena pengine lina wenyewe wengi. Nawaeleza hivi kwa sababu wengi mnadhani boma lililoota majani hadi dirishani limetelekezwa. Huko Marekani, katika jiji la Detroit, nyumba zilitelekezwa kweli: viwanda vilipungua, watu wakahama, jiji lenyewe likatangaza kufilisika mwaka 2013, likiwa na viwanja vitupu kwa makumi ya maelfu. Huko unaweza kukuta nyumba ambayo mwenyewe hataki hata kuisikia. Kwetu sivyo. Pagale la Kibaha ni chungu kilichoepuliwa motoni wakati mpishi ameenda kukopa chumvi. Mwenyewe yuko Dar, anauza dukani, au ni mwalimu Sumbawanga, au ni dereva wa lori njia ya Tunduma, na kila Desemba anasema mwakani napaua. Matofali yale ni mikopo yake, ni kikoba chake, ni jasho la miaka. Anapoyauza nusu bei, ujue amekwama hasa. Na mtu aliyekwama husaini chochote mbele yake, kisha akipata nafuu hurudi na ndugu zake kusema alidhulumiwa.

Kwa hiyo kabla ya shilingi kutoka, tafuteni habari za yule mtu. Msiende na dalali. Dalali mpeni hela yake ya mguu, mshukuruni, arudi kijiweni. Nendeni siku nyingine wenyewe, wawili watatu, asubuhi, muwasalimie majirani. Kaeni kwa muuza vitafunio, nunueni chapati, ulizeni boma hili la nani, lilianza lini, nani huja kuliangalia, kuna ugomvi wowote? Jirani anajua mambo ambayo hati haiyajui. Anajua kwamba mwaka juzi walikuja watu wengine wakapima na kamba. Anajua kwamba jiwe la mpaka lilihamishwa usiku. Kuuliza si ujinga, na mwenye nia safi hakasiriki ukimuulizia kwa jirani yake.

Kama muuzaji anasema ni mali ya marehemu baba yao, muombeni barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Asiwaoneshe muhtasari wa kikao cha ukoo mkaridhika. Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama ndiyo inayoteua. Mtoto mmoja wa marehemu, hata awe mkubwa, hata awe ndiye aliyemuuguza baba, hana uwezo wa kuuza peke yake mali ambayo haijagawiwa. Hapa ndipo vikundi vingi vya watu wema vinapoumia, kwa sababu mnamwonea huruma yule kijana. Muoneeni huruma, mchangieni hata nauli ya kwenda mahakamani akafungue mirathi, lakini msimpe bei ya nyumba.

Kama kiwanja kina hati, nendeni ofisi ya ardhi ya mkoa, ipo hapo hapo Kibaha, mkaombe upekuzi rasmi. Mtajua jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Ulizeni na deni la kodi ya pango la ardhi. Mtu aliyeshindwa kupaua mara nyingi ameshindwa na kulipa pango, na deni la miaka linabaki na ardhi, halimfuati muuzaji. Mkiambiwa "hati ipo, ila iko kwa mwanasheria Dar", msiseme sawa. Semeni twende kwa mwanasheria. Kama hakuna hati, ipo karatasi ya mauziano tu ya serikali ya mtaa, fuateni mlolongo nyuma: huyu alinunua kwa nani, yule naye alinunua kwa nani, mpaka mfike kwa mwenyeji wa asili mwenye shamba. Na mkaulize kwa afisa mipango miji kama eneo lina mchoro na mchoro unasema nini. Kuna watu wamenunua barabara. Wengine wamenunua uwanja wa shule ambayo haijajengwa.

Na hapo mnakumbuka mwaka 2017, njia ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya. Hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na nyumba zilizokuwa ndani yake zikabomolewa, pamoja na nyumba za watu waliokaa pale miaka na miaka. Mkiuziwa eneo "linaloangalia barabara kubwa", bei nafuu, mkafurahi kwamba mboga mtauza hapo hapo barabarani, pimeni kwanza hizo mita. Kwa upande wa Kisarawe pimeni na msitu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, na mipaka yake haisogei kwa sababu dalali amesema imesogea. Mtu aliyewakatia kipande ukingoni mwa msitu hatakuwepo siku askari wa misitu watakapokuja kung'oa muhogo wenu.

Nyumba za mnadani nazo mnaziulizia sana. Sitawazuia, ila jueni hasira inayokuja nazo. Benki inatakiwa kumpa mkopaji notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Isipofanya hivyo sawasawa, mwenye nyumba anakimbilia mahakamani na nyie mnakaa katikati, hela imetoka, funguo hamna. Na ukiwa ni mnada wa amri ya mahakama, robo ya bei mnalipa papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 15. Kikundi cha kuchangishana kila Jumapili hakiwezi mwendo huo. Mtakopa kwa haraka mahali pabaya ili msipoteze ile robo. Waachieni wenye mifuko mirefu.

Sasa Kisarawe, maana Kisarawe si Kibaha. Ukitoka mjini Kisarawe ukaelekea Maneromango, Mzenga na kuendelea, ardhi nyingi ni ya kijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una neno lake. Mwenyekiti peke yake hauzi. Mzee mwenye mikorosho yake peke yake hawezi kuwakatia nyie wageni kutoka Dar kipande mkaondoka nacho kwa karatasi ya kiganjani. Mnatakiwa kwenda kama wageni, mkaombe kwenye vikao, mkaeleze mnataka kulima nini, na nani wa pale kijijini atanufaika.

Na mkienda, jueni mnapokwenda palishapata jeraha. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za Kisarawe kutoka vijiji 11 ili ilime mbono wa mafuta. Watu waliahidiwa ajira, visima, barabara, zahanati. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika, vibarua wakarudishwa nyumbani, na ardhi haikurudi kwa wanakijiji. Ikauzwa kwa mwekezaji mwingine. Watu walibaki wanatazama mahali walipokuwa wakichota maji, wakichoma mkaa, wakizuru makaburi ya wazee wao, pakiwa mikononi mwa wengine. Sasa wewe unatoka Mbagala na laki zako za kikoba, unajiona mnyonge, na ni kweli hela hiyo umeipata kwa taabu. Lakini kwa mama wa kijiji cha Muhaga au Mtamba aliyeahidiwa akasahauliwa, wewe uliyeshuka na daftari na kamba ya kupimia ni mwekezaji. Usimkasirikie akikutazama kwa mashaka. Msianze na neno "jamii" mdomoni. Anzeni na jina lenu, mtokako, na kiasi gani mnacho. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Basi mwenyeji aanze kupona kabla hamjapanda mbegu.

Haya, mtaniuliza: dada, kila mahali umeziba, tulime wapi?

Limeni kwenye lile lile pagale, bila kulinunua.

Nilimaanisha niliposema lina mwenyewe. Mwenye boma Kibaha ana hofu kubwa kuliko zote: kuvamiwa. Akiwa Sumbawanga halali, anawaza majirani wanaiba matofali, mtu anaingiza uzio mita mbili ndani, wahuni wanafanya maskani kwenye chumba chake cha mbele. Anamtafuta mtu mwaminifu wa kulilinda eneo. Nyie mnatafuta pa kulima. Mtafuteni, mpigieni, nendeni kumwona ana kwa ana hata kama ni nauli ya mbali. Mwambieni tutafyeka, tutalinda, tutalima mboga za muda mfupi, ukiwa tayari kujenga tupe miezi mitatu tuvune tutoke. Iandikwe, isainiwe na mkewe naye, serikali ya mtaa ishuhudie, muda utajwe: miaka miwili, mitatu. Kodi iwepo, hata ndogo, hata debe la mboga na kuku wa sikukuu, ili kila mtu ajue nyie ni wapangaji. Vikundi vya Detroit navyo vilijifunza hilo. Tajiri mmoja aliponunua karibu viwanja 1,500 kwa mkupuo, baraza la jiji likampitisha kwa kura 5 dhidi ya 4 mwaka 2012 na wenyeji wakapiga kelele kwamba wananyang'anywa mji wao, kikundi cha wakulima weusi cha D-Town kilikuwa kinalima ekari 7 za kupanga kutoka kwa jiji, na hapo hapo pakalisha watu.

Ila nawaonya kwa jambo moja, na hili watu wa Pwani watanielewa haraka. Kwenye shamba la mtu msipande mnazi. Msipande mwembe, mkorosho, mchungwa, hata mpapai ukiwezekana. Pwani mti wa kudumu ni dai. Mwenye eneo akija akakuta minazi yenu imesimama mstari, hata awe mtu mpole namna gani, moyo utamwenda mbio, atajua mnataka kumpokonya, na makubaliano yote mazuri yatavunjika hapo hapo. Mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, chainizi, kunde: hivyo vinang'oka bila ugomvi. Muhogo uulizeni kwanza, maana unakaa ardhini karibu mwaka.

Na hesabu zenu fanyeni kwa mguu, si kwa mdomo. Kiwanja cha 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Pagale la vyumba vitatu limekula kama 120, toa shimo la choo, toa njia, toa rundo la kokoto, mnabaki na kama 250. Mkiwa kikundi cha watu 15, kila mmoja anapata mita za mraba 16 na kidogo, tuta moja na nusu la upana wa mita moja na urefu wa mita kumi. Tuta moja na nusu linakupa mboga ya nyumbani na ya kumgawia jirani. Halikulipii ada ya mtoto. Dalali anayewaambia mtarudisha bei ya nyumba kwa mchicha ndani ya mwaka hajawahi kushika jembe. Nawaomba mlijue hili kabla, kwa sababu vikundi havivunjwi na wizi peke yake. Vinavunjwa na matumaini makubwa, mtu akiona mwezi wa nne umefika na hakuna mgao, anaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya hata kama hajachukua kitu.

Udongo wa Kibaha mwingi ni kichanga, haukai na maji wala mbolea. Kuzunguka pagale ni mbaya zaidi, umejaa chokaa, saruji iliyomwagika na misumari. Sombeni taka, changanyeni samadi. Wafugaji wa kuku Kibaha ni wengi, wengine wanatafuta pa kuitupa mbolea ya banda. Ila msiiweke mbichi, itaunguza miche, irundikeni ioze kwanza. Maji ndiyo yatakayowapima. Kisarawe mjini watu walihangaika na maji miaka mingi, hadi bomba la kutoka Kibamba lilipozinduliwa mwaka 2020, na hata hivyo mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua, Dar na sehemu za Pwani tuligawiwa maji kwa ratiba. Tuta haliifuati ratiba hiyo. Anzeni na vuli au masika, mvua iwape mkono, muone mnaweza. Nendeni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi pale Shirika la Elimu Kibaha, mahali palipoanzwa mwaka 1963 na nchi za Nordiki pakiwa na shule, kituo cha afya na kituo cha kufundisha wakulima. Ulizeni kozi fupi. Nendeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha muulize mbegu ya muhogo. Watu hao wanalipwa na kodi zetu, msiwaogope.

Mkilima hivyo misimu miwili, mitatu, mtajuana. Mtajua nani anaamka alfajiri kumwagilia na nani ana dharura kila Jumamosi. Nani anaandika daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wala hawakuwa wanazungumzia matajiri. Halafu kama moyo wa kununua bado upo, mtanunua mkiwa mnafahamiana, na mwenye pagale mwenyewe, aliyewaona mkilinda mali yake, huenda ndiye atakayewauzia, tena kwa bei ya haki isiyomwacha akilia.

Siku hiyo ikifika, msikubali mali iandikwe jina la mwenyekiti "kwa muda tu". Hapa nawagombeza, na nawagombeza kwa sababu nawapenda. Kila kikundi kina mama mmoja mwaminifu, mcha Mungu, ana kitambulisho tayari, na wengine mnasema tuandike lake, tutabadilisha baadaye. Mama huyo siku moja atafariki, Mungu amwongezee umri, na wanawe watakuja na barua ya mirathi. Wao hawana kosa, wanaona jina la mama yao. Sajilini kikundi halmashauri, pateni katiba, pateni akaunti ya sahihi tatu, mali iandikwe kwa jina la kikundi au la wamiliki wote kwa hisa zao, na hisa za kila mtu zitajwe. Mkiwa na usajili mnaweza na kuomba mkopo usio na riba kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu.

Na mtu akija kuwaambia toeni hela tu, msihangaike na jembe, yeye atawalimia na kuwaletea faida, mfungieni mlango. Mwaka 2009 upatu wa DECI ulikuwa unawaambia watu "pandeni mbegu", wakapanda, na wengi wakabaki mikono mitupu. Mwaka 2020 ikaja kesi ya mfanyabiashara aliyejulikana kama Mr Kuku, Mahakama ya Kisutu: watu walikuwa wameahidiwa asilimia 70 kwa miezi minne na 90 kwa miezi sita, kwa kuku ambao hawakuwafuga wao. Waliotoa hela hawakuwa wajinga. Walikuwa wauguzi, walimu, wastaafu, watu waliochoka na kutaka kupumua. Kuchoka huko nakujua, ndiyo maana nakusisitizia.

Nimebakiza nyie ambao mmeshalipa. Nimezisoma jumbe zenu, zile fupi, zinazoanza na "dada naona aibu". Aibu iacheni kwa aliyewauzia. Usikae kimya ukingoja mambo yajipange, kwa sababu madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kila mwaka unaopita shahidi mmoja anahama au anakufa. Usiende kumtisha muuzaji, usibomoe uzio wa mtu, usipange vijana. Kama kuna hati, kimbilieni kwa msajili mkaombe zuio lisajiliwe ili isiuzwe tena. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lipeni nafasi yake, likishindwa ombeni cheti chao mpande Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bebeni mkataba, risiti za simu mlizotuma hela, picha za siku mliyoonyeshwa mipaka, na majina ya mashahidi na namba zao zikiwa bado zinapatikana. Toeni nakala mbili za kila karatasi kabla hamjatoka nyumbani. Na asiende mtu peke yake. Mwende wawili, mmoja azungumze, mwenzake aandike tarehe, chumba na jina la kila afisa mliyeonana naye.